Niliposimamisha Gari la Zimamoto kwa Ajili ya Nywele

Niliwahi kusimamisha gari la zimamoto katikati ya barabara, mlima mzima ukiwaka nyuma yangu, ili lije kumwosha mteja nywele.

Ndiyo, nywele. Mimi mwenyewe sijamaliza kucheka hadi leo.

Mimi ni msusi. Saluni yangu ni chumba kimoja chini ya milima: viti viwili, kioo chenye ufa na sinki la kuoshea. Mwaka ule mvua ilitukimbia miezi saba. Nyasi zikakauka, vichaka vikakauka, halafu moto ukaanza bonde la juu na ukagoma kuzimika. Ukizimwa huku, unaibukia kule. Majivu yalidondokea taulo zangu kwenye kamba.

Kila nyumba ilikuwa na masanduku mlangoni, watu tayari kukimbia.

Na unajua nini? Wateja wakaongezeka.

"Moto ukifika, unikute nimependeza," mmoja aliniambia. Nikamsuka.

Mimi nilikuwa na moto wangu mwingine. Mchumba wangu ni askari wa zimamoto, na ile ilikuwa siku yake ya kumi na tisa mlimani. Mnara wa simu ulishaungua, hakuna kupiga wala kupigiwa. Halafu harusi yetu ilikuwa imekwama kwa mama yake, ambaye hakutaka hata kuniona sura. Alisema mwanawe haoi mtu wa saluni. Na mwanawe akasema bila baraka za mama, haoi kabisa.

Hapo nilikuwa nimeshika wapi? Hewa.

Asubuhi hiyo upepo ukaanza kuleta cheche mpaka mtaani. Tukapanda wote kulowesha mapaa. Nikamwaga mapipa yangu mawili ya akiba yote, nikashuka najiona jembe.

Saa nne akaingia mama mmoja wa makamo, miwani usoni, pochi kwapani.

"Shikamoo mama, karibu."

"Marahaba. Niwekee dawa."

Nikampaka dawa ya kulainisha nywele. Wanaoijua wanaijua: dakika kumi na tano, unaosha. Ukichelewa, inachoma ngozi.

"Una mchumba, binti?"

Ee bwana, hapo ndipo alipobonyeza! Nikafunguka kama redio. Nikamweleza mchumba, mlima, harusi, na mama mkwe. Hasa mama mkwe.

"Yule mama ni pilipili. Mwanawe ana miaka thelathini, bado anamkata kucha!"

"Kumbe."

"Tena kutabasamu kwake ni mpaka mwezi uandame."

"Kumbe," akarudia. Kisha akauliza taratibu, "Na huko mlimani, mchumba wako anaendeleaje?"

"Dereva anayewapelekea chakula alinipa salamu zake jana. Mzima. Kikohozi tu, na nyusi zimeungua."

Mama akafumba macho, akabana kiti kwa mikono miwili. Nikajua dawa imeanza kuingia. Nikaendelea kumchambua mama mkwe.

"Binti, inawasha."

Nikatupa jicho kwenye saa. Dakika ishirini na mbili!

Nikafungua bomba. Likakoroma, likatoa matone matatu, likanyamaza. Maji ya mji yalikuwa yamefungwa ili magari ya zimamoto yapate ya kujaza. Nikakimbilia mapipa. Matupu! Maji yangu yote yako juu ya paa.

"Binti, inachoma!"

Nikatoka mbio hadi duka la jirani. Mwenye duka tulimwita Subira, kwa sababu subira hana.

"Maji!"

"Yaliisha jana. Soda ya machungwa ipo."

Sauti ikatoka saluni: "Thubutu kunimwagia soda!"

Kimenuka. Na hapo hapo nikasikia honi. Gari la zimamoto linashuka kutoka mlimani, limejaa masizi. Nikajitupa katikati ya barabara, glovu mikononi, kitana kichwani.

Breki! Kamanda akachungulia dirishani.

"Moto uko wapi?"

"Kichwani!"

Mama akatoka mbio, kichwa cheupe kwa dawa, taulo shingoni. Kamanda akamtazama, akanitazama.

"Dada, sisi ni zimamoto."

"Mna maji, hamna?"

"Yamebaki kidogo, tunakwenda kujaza, lakini..."

Kabla hajamaliza, askari mmoja akaruka kutoka nyuma ya gari. Mweusi tii kwa masizi, hana nyusi.

"Mama?!"

Ile sauti ningeijua popote. Mchumba wangu. Na hakuwa akiniita mimi.

Niliishiwa pozi. Pilipili. Kucha. Mwezi kuandama. Nikatamani ardhi ipasuke.

"Mnashangaa nini? Nimwagieni maji!" mama akafoka.

Mpira ukafunguliwa kidogo tu, lakini miwani iliruka, pochi ikaruka. Mwanawe kashika mpira, mimi nasugua, kamanda kashika taulo. Subira akatoa kiti nje, akakaa kutazama. Mtaa mzima ulicheka hadi kushika mbavu, watu ambao wiki tatu hawakuwa na cha kuchekea.

Alipokwisha kusuuzwa, mama akashika uso wa mwanawe, akapapasa pale palipokuwa na nyusi. Akalia. Kisha akanigeukia.

"Siku kumi na tisa sijui mwanangu yuko hai au vipi. Nikajua habari zake utakuwa nazo wewe. Lakini baada ya yote niliyokusema, ningeanzia wapi kuuliza? Nikaona aibu. Ndiyo nikasema niwekee dawa."

Machozi yakanitoka. "Mama, nisamehe kwa yale niliyosema..."

"Ya kucha ni kweli," akasema.

Akamgeukia mwanawe. "Harusi lini?"

"Moto ukizimika, mama."

Akamtazama kamanda juu mpaka chini. "Sasa mmesimama hapa mnasubiri nini?"

Gari liliondoka pale kwa kasi ambayo sijawahi kuiona tena.

Moto ulizimwa siku ya kumi na moja baada ya hapo. Harusini mama mkwe alivaa kilemba, maana juu ya sikio alibaki na kiupara. Kila aliyemuuliza, jibu lilikuwa moja: "Muulize bibi harusi."

Basi, wasusi wenzangu na wote wenye midomo kama wangu, shikeni hili: wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Hawakusema kichwa cha nani.