Kilo Zilezile

Jirani yangu, beki mwenzangu katika timu ya maveterani hapa Ruangwa, aliacha ugali. Akawa anakula nyama, mayai na samli anayonunua kwa wafugaji wa Matambarale. Mazoezi tulifanya pamoja kila jioni, lakini baada ya miezi michache kitambi chake kikayeyuka, changu kikabaki palepale. Wivu ulinikaba hadi nikashindwa kumsifia hata kwa uongo.

Msimu wa korosho, tukiwa ghalani na magunia yetu, nikamchokoza mbele ya watu apande mizani. Nilitaka aumbuke. Mtu anakunywa samli kama chai, atapunguaje?

Akapanda: kilo themanini na mbili. Nikapanda mimi: themanini na mbili.

Nikapiga kelele kama nimefunga bao. "Mnaona? Tuko sawa! Kajinyima ugali bure!"

Watu wakacheka. Mke wangu, aliyekuwa amekalia gunia letu, hakucheka.

"Kweli, baba watoto," alisema, "kilo ni zilezile. Ila zako zote zimekaa tumboni."

Aliniambia mimi, lakini macho yake yalikuwa kwa jirani.