Mkaguzi Aliyekwenda Kumsikiliza Bintiye

Ofisini walimwita Bwana Kanuni. Alikuwa mkaguzi wa majengo, miaka ishirini na mitatu kazini, na soda ya mkandarasi hakuwahi hata kuionja. Waajiriwa wapya ndiye aliyewafunda: mtumishi wa umma haendi karamu, mechi wala muziki kwa mwaliko wa mtu ambaye faili lake liko mezani kwake.

"Wakikwambia njoo utupie macho tu," alisema, "hata hayo macho yaache nyumbani."

Bintiye wa pekee aliimba katika bendi ya hotelini. Mzee hakuwahi kumwona jukwaani, maana waliokodi kumbi zile ndio hao hao aliowakagua.

"Baba, njoo Jumapili. Nimemtungia marehemu mama wimbo."

"Sherehe ya nani?"

Binti akamtajia. Ilikuwa ya mkandarasi wa jengo moja la ghorofa nne, ambaye mzee alishazikataa nguzo zake mara mbili.

Jumapili alasiri mzee akaenda. Alisimama nyuma, karibu na mlango wa jikoni. Walipomletea sahani, aliirudisha. Binti alipoimba, mzee alilia mbele za watu bila hata kutafuta leso. Hapo mkandarasi akaja, akamkumbatia begani, na mtu akapiga picha.

Siku ya tatu picha ilikuwa mezani kwa mkuu wa idara.

"Sikula, sikunywa. Nilimfuata mwanangu."

"Tiketi ulilipa?"

"Hazikuuzwa."

"Basi ulialikwa. Mzee wangu, si wewe uliyenifundisha kanuni hii?"

Mzee alikuwa amemfundisha kweli, tena vizuri.

Unga ukamwagika, miezi minane kabla ya kustaafu. Faili la jengo akapewa mwingine, na wiki haikwisha nguzo zikapita. Mzee aliandika barua tatu kuhusu nguzo zile. Hazikujibiwa. Nani amsikilize mtu aliyefukuzwa kwa kupenda starehe?

Binti naye akaacha bendi.

"Nimekuponza, baba."

"Hujaniponza, mwanangu," alisema, lakini alisema huku anatazama sakafu, na binti akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Siku hizi kila asubuhi mzee hupita mbele ya lile jengo. Husimama ng'ambo ya barabara, huhesabu mapazia mapya madirishani, kisha hurudi nyumbani.