Mito ya Shaaban

Mume wangu alipewa kalenda na wauza magari ya mtumba ya Japani, nami nikaitundika jikoni kwa ajili ya picha zake. Ni picha za kale, zilizochongwa kwanza kwenye mbao ndipo zikapigwa chapa karatasini: wanawake na kazi zao za nyumbani, kila msimu na kazi yake. Wako wanaofumua nguo za msimu uliopita, wanazifua vipande vipande, wanaziwamba kwenye mbao zikauke, kisha wanazishona upya. Nywele zimelala, jasho hakuna. Bila shaka aliyewachora alikuwa mwanamume.

Sisi huku Nguvumali tunafumua mito. Kila Shaaban, jua likiwaka, mama huitoa yote uani. Tunafua vitambaa, tunaanika sufi chini ya chandarua isipeperuke, tunaichambua, tunaongeza mpya kutoka Mwera, tunashona, ili Ramadhani iikute nyumba safi. Tunapiga chafya mpaka mbavu zinauma.

Mto mmoja tu ulikuwa haufumuliwi. Ni wa mdogo wangu wa kike, aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Katika ujumbe wake wa mwisho alisema anahamishiwa nyumba nyingine, na pasi yake anayo tajiri. Tangu hapo simu haipatikani. Wakala aliyempeleka naye kahama. Tumezunguka maofisini, tunaambiwa njooni kesho, na kesho haifiki. Mto wake ukabaki kitandani, unanukia mafuta yake ya nywele.

"Atakuja kuufumua mwenyewe," mama alikuwa akisema, na ole wako uuguse.

Shaaban hii aliuleta uani kwa mkono wake, akaniwekea mapajani.

"Fumua na huu."

"Mama, huo si wa—"

"Naujua ni wa nani. Fumua."

Nilimkasirikia, wallahi. Nilitaka kuurudisha ndani nifunge mlango. Lakini mama hakunitazama, nikakata uzi. Sufi ilikuwa imeshikana mabonge. Aliichambua taratibu, na ilipokauka hakuirudisha kwenye kitambaa chake. Aliigawa katika mito yetu, kila mmoja fungu lake, kama inavyogawiwa mirathi.

Hapo nikalia kwa sauti, bila kujali majirani.

"Fumba macho," mama akasema. "Sufi itakuingia."