Grafu Niliyowaanikia Ukutani

Hadi leo niko na hasira, na sijui nimkasirikie nani. Mimi ndiye natunza diski zinazotumiwa kwa pamoja na kompyuta zote za ofisi yetu hapa Kitengela. Siku hiyo mashine zilikuwa zinatambaa, na kwenye programu ya kuchunguza diski grafu ya matumizi ilikuwa imepanda tangu asubuhi. Nikajua tu ni Mutua wa stoo na sinema zake. Nikaita kila mtu, nikaonyesha grafu ukutani, nikafoka: "Kuna mtu hapa hana aibu!"

Meneja akasema, "Si ubonyeze hapo grafu ilipopanda tuone ni nani?"

Nikabonyeza. Likatokea jina langu, na faili nilizoanza kunakili asubuhi nikazisahau: video za ruracio, sherehe ya mahari ya dada yangu.

Mutua akaniuliza polepole, "Na mbuzi walikuwa wangapi?"