Kilio Kilichotoka Kidato cha Tano

Siku yangu ya kwanza kufundisha Fasihi kidato cha tano, hapa Tukuyu, Mkuu wa Idara alinifungulia kabati. "Haya, chagua vitabu teule," akasema. Vitabu teule ni vile vilivyoidhinishwa. Mwalimu huchagua vichache vya kuwaandalia wanafunzi mtihani. Nikaanza kumweleza dhamira ninazozipenda. Akanikatiza: "Kijana, hapa hatuchagui kitabu kizuri. Tunachagua chenye nakala."

Hakukosea. Nilikuwa nimetoka shule moja ya Masukulu, ambako nakala moja ilizunguka darasa zima hadi jalada likabanduka. Huko ndiko nilikojifunza kuigiza na kusoma kwa sauti, maana tamthilia ikiigizwa, hata asiye na kitabu anaipata. Siku hizi ninyi walimu vijana mnawarushia watoto muhtasari kwenye simu, kisha mnashangaa kwamba hakuna kinachowagusa! Haya, tuyaache hayo.

Miaka mingi baadaye, nikikaribia kustaafu, nilikuwa na mwanafunzi wa bweni, Atupele, binti kutoka kijiji cha Ikuti. Kaka yake alifariki wakati yeye yuko kwenye mitihani ya muhula. Mkuu wa Shule na wajomba wakakubaliana asiambiwe. "Mtihani kwanza," Mkuu alituambia walimu. Mtoto akafika nyumbani akakuta kaburi, na watu wameshatawanyika. Hakutoa hata chozi. Mama yake akanifuata shuleni.

"Mwalimu, mwanangu hali, hasemi. Nimezika mmoja, na huyu naye anaondoka nikimtazama."

Nikamsindikiza hadi langoni.

Muhula uliofuata, kabatini mlikuwa na tamthilia mbili: moja ya kuchekesha, nakala tele, nyingine ya mama anayemzika mwanawe, nakala tano tu. Mkuu mpya wa Idara, mama mpole, akanisihi nichukue ya kuchekesha, mtoto asije akatoneshwa kidonda. Nikaona wanafunzi wachague wenyewe. Atupele, ambaye hakuwa amefungua mdomo darasani tangu arudi, akanyoosha mkono.

"Ile ya mama," akasema. "Na mama niwe mimi."

Tulipofika onyesho la mazishi, alianza vizuri na maneno ya kitabuni. Katikati akakiweka kitabu chini, akalia kwa Kinyakyusa, akimwita kaka yake kwa jina. Ee Mungu wangu, kilio kile! Kilitoka madirishani kikateremka hadi migombani. Na huku kwetu kilio kikisikika, mtu haulizi. Anabeba alicho nacho, anakwenda. Wanawake wakaja wamejifunga kanga viunoni, na kuni na mikungu ya ndizi. Wanaume wakaja na majembe ya kuchimbia kaburi. Mama Atupele, aliyekuwa ameleta ndizi sokoni, akaja nao mbio.

Mkuu wa Shule akatoka ofisini amefura. "Nani amekufa hapa?"

Mama alikuwa ameketi sakafuni, amempakata binti yake. "Mwanangu, Mkuu. Huyu alikuwa hajamlilia."

Mkuu akavua miwani. Wale waliokuja hawakuondoka. Waliketi kwenye madawati, wakalia naye mpaka kengele ya jioni. Nami nililia, sioni haya kusema.

Sasa nimestaafu. Walimu vijana hunijia kuuliza kitabu kipi kinafaulisha. Nawaambia waulize kwanza wanafunzi wao wamemzika nani. Wanacheka, eti mzee amechoka.

Mwaka jana Mama Atupele alifariki. Binti alikuwa chuoni Mbeya, wiki ya mitihani. Pale msibani nikawasikia wajomba walewale: amalize kwanza. Nikapiga simu mbele yao.

"Mwanangu, mama ametutoka. Acha kalamu, panda gari."

Mitihani ile ilibidi airudie, na wajomba mpaka leo hawanisalimii. Lakini alifika jeneza likiwa bado wazi.