Kalenga Aliyehesabiwa Nusu

Kalenga, mzaliwa wa Lubumbashi, alikuwa mwanafizikia katika chuo kikuu kimoja cha Brussels. Alichunguza jinsi joto linavyopita katika vipande vya chuma vyembamba kuliko unywele. Zamani mtaalamu alijulikana na wenzake walioketi naye wakabishana. Siku hizi hakuna anayeketi. Mashine huhesabu makala zako zimetajwa mara ngapi na wengine, hutoa alama moja, na kwa alama hiyo mtu huongezewa mkataba au hufungishwa virago. Alama ya Kalenga ilikuwa ndogo. Kamati ya mikataba ya chuo ilimpa hadi Ijumaa ajieleze.

Akaenda kunyolewa Matonge, mtaa wa Wakongo jijini, angalau afukuzwe akiwa nadhifu.

“Kilufya!” kinyozi Séraphin, ambaye wote walimwita tonton, yaani mjomba, alimpokea. “Mbona uso iko vile? Bibi alikunyima bukari, ukalala njaa?”

Kilufya lilikuwa jina la babu yake. Mzee alipofariki, ukoo ulimketisha Kalenga mkekani ukamrithisha jina, naye tangu hapo akawa anaandika makala zake mpya kwa jina hilo, kwa heshima.

“Tonton, mashine inasema Kalenga hafikishe alama.”

“Bon, na Kilufya, yeye iko na ngapi?” tonton akatania, mashine ya kunyolea mkononi.

Kalenga akaruka kitini, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Mashine ya chuo imemfanya watu wawili, Kalenga na Kilufya! Akavaa kofia, akatoka mbio.

Furaha ilimwishia kwenye kituo cha Porte de Namur, akiingia metro, treni ya chini ya ardhi. Mtu akijitaja mwenyewe, kutajwa huko hakuhesabiwi, na Kilufya alimtaja Kalenga karibu katika kila makala. Wakiunganishwa, hayo yote yangefutwa. Je, kingebaki kitu?

Alituma maelezo, akashindwa kula. Ijumaa akapigiwa simu na Tatiana, katibu wa kamati.

“Tumewaunganisha, tukatoa ulikojitaja,” alisema. “Alama zilizobaki zinatosha. Mkataba unaendelea.”

Hakuuliza Kilufya alikuwa nani. Hakuna aliyeuliza. Kalenga hakujali, alishusha pumzi ndefu, akajikuta anacheka peke yake koridoni. Njaa ikamrudia palepale.

Jioni alikuwa tena kwenye kiti cha tonton Séraphin. Alipovua kofia, saluni nzima iliangua kicheko.

“Alors, wamesema nini?” tonton akauliza.

“Wameniongezea mkataba, tonton. Nabakia.”

“Mungu asifiwe! Ikala muzuri, inamisha kichwa,” tonton akasema, akiwasha mashine yake. “Kilufya tulishamunyoa. Tumalize Kalenga.”