Jibu la Kambini

Harufu ya maboksi mapya hunirudisha Louisville hata nikiwa dukani nanunua viatu. Mama na Mama Mdogo Sifa walipakia mizigo kwenye ghala moja kule South End, na kila alasiri waliporudi kwa basi nguo zao zilinuka gundi na karatasi ngumu. Mmoja aliinjika maharage, mwingine alilala kifudifudi sebuleni ili mwenzake amkande mgongo, na mimi, mtoto wa kike wa miaka kumi, niliona ndivyo nyumba zote zilivyo. Walilala chumba kimoja, kitanda kimoja. Nilijua pia, bila kuambiwa na mtu, kwamba hayo hayasemwi kanisani.

Niseme wazi: hawakuwa ndugu. Walikutana kambini Tanzania, wote wametoka Kivu bila mtu wao, Mama akiwa amenibeba mgongoni. Siku ya kuandikishwa kwa safari ya Marekani walijiandikisha kama mtu na mdogo wake, kwa sababu ndugu hawatenganishwi, na kusema ukweli kambini kungewaua. Mahojiano yalirudiwa miaka na miaka, na sisi watoto tuliulizwa peke yetu. Kwa hiyo nilifundishwa jibu kama wenzangu walivyofundishwa sala. Huyu ni nani wako? Ni mama mdogo, mdogo wake mama yangu, tumbo moja. Nikilitoa bila kusita, napewa biskuti.

Kiangazi kile, Mmarekani mmoja wa pale ghalani, mwanamke mwenye mke wake, aliwaambia kwamba hapa wanawake wawili huoana kisheria. Mama hakuamini. Aliniamuru nisome kwenye simu, nikasoma, akaniambia nirudie. Mama Mdogo alilia huku anacheka, akaenda kujifungia bafuni.

"Bon, kwa kitambulisho kuko tu jina na siku ya kuzaliwa," Mama alimwambia alipotoka. "Donc nani atajua tuliandikishwa ndugu?"

Walishona vitenge vya sare, na mimi nikapata changu. Tulikwenda ofisi ya kaunti mimi nikiwa mkalimani, kama watoto wote wa kwetu kila penye fomu. Karani alikuwa mama wa makamo, mchangamfu. Maswali yake yote niliyatafsiri sawasawa. Fomu ilikuwa karibu kwisha alipoinamia dirisha akaniuliza kwa upole, kwa Kiingereza, huyu Mama Mdogo ni nani wangu. Hakuwa na hila, alitaka tu kunichangamsha. Nami nikasimama wima, mikono nyuma, nikajibu kwamba ni mdogo wake mama yangu, tumbo moja. Kisha, mpumbavu mimi, nikageuka nikingoja kusifiwa.

Karani aliweka kalamu chini. Akauliza tena, safari hii akimtazama Mama, na Kiingereza cha Mama kilitosha kuelewa. Angesemaje kwamba mtoto anakosea, wakati faili la uhamiaji lilisema vilevile? Tulirudishiwa vitambulisho. Kwenye basi hakuna aliyenigombeza, na hadi leo natamani wangenichapa.

"Yule mama atatushitaki," Mama alisema tulipofika. "Batasema tulidanganya juu ya kuingia. Batatunyang'anya makaratasi, na huyu mutoto je?"

"Miye nitaenda," Mama Mdogo akamjibu. "Bakikuta weye peke yako na mutoto, habatakuwa na kitu ya kusema. Ni kwa muda tu."

Alikwenda Columbus kwa Wakongo wenzetu, kisha Buffalo, akapanga chumba kitongoji cha Kenmore. Muda huo ukawa miaka kumi. Hakuna aliyetushitaki. Yule karani huenda alitusahau kabla ya chakula cha mchana. Kila nilipotaja mwanasheria, Mama alisema tungoje kwanza uraia, halafu tungoje serikali hii ipite, halafu ile iliyofuata. Walipigiana simu kila Jumapili baada ya ibada.

Leo naishi Columbus na mke wangu. Kibali chetu cha ndoa tulikipata asubuhi moja, tukiharakisha, maana siku hizi wapo wanaotaka sheria ile ifutwe na hatujui itadumu hadi lini. Mama hakuja harusini, alikuwa amelazwa. Tulimzika Machi. Mama Mdogo alikaa kwenye kiti cha dada wa marehemu, na waombolezaji wakapita mmoja mmoja kumpa pole ya dada. Aliitikia wote. Baadaye nilimshika mkono nikamwambia sasa mimi ni mtu mzima, nitatoa ushahidi, tulirekebishe lile faili liseme alikuwa nani kwa Mama.

Alinitazama bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Utarekebisha juu ya nani, mutoto yangu, na yeye ameshaenda?" akasema, kisha akaniomba nimpeleke kituo cha basi, kwa kuwa kesho yake alikuwa na zamu ya asubuhi Buffalo, na kazini walikuwa wamempa siku mbili tu, za msiba wa ndugu.